Chumba Kimoja, Picha Kumi na Sita: Majibu kwa Wanaoandaa Maonyesho Makavazini

Barua za mwezi huu zinafanana: kikundi kina chumba kimoja, pesa ni za kuhesabu, tarehe ya kufungua maonyesho imeshatangazwa, na sasa watu wameanza kujiuliza watatundika nini, wapi na kwa nini. Tumezifupisha barua na kuacha majina.

Makavazi yetu yako karibu na Ahero. Chumba cha maonyesho ni mita 7 kwa 5, chenye mlango mmoja na madirisha mawili. Wachoraji tisa wametuahidi picha 30. Tunafungua Julai. Zitatosha humo? Na tutazitundikaje zikae sawa? — Katibu wa kikundi, Ahero

Hazitatosha, katibu, na tunawasihi msilazimishe. Pimeni hivi. Ukikizunguka chumba hicho unapata mita 24 za ukuta. Toa mlango, mita 1, na madirisha, mita 1.5 kila moja. Zinabaki 20. Picha ya wastani ina upana wa sentimita 70 na inahitaji sentimita 50 za ukuta mtupu kabla ya kukutana na jirani yake, yaani sentimita 120. Mita 20 mkizigawanya kwa 1.2 mnapata 16 na ushee. Hiyo 16 ndiyo idadi yenu. Mkibana 30 humo, mgeni anaanza kutazama picha ya pili kabla hajamaliza ya kwanza, na anayerudi nyuma ili aione picha kubwa vizuri anamkanyaga aliye nyuma yake. Fanyeni maonyesho mawili. Katika ya kwanza kila mchoraji awe na picha moja angalau, asiwepo wa kunung'unika kwamba ameachwa. Zile 14 zinazobaki zitangazeni mapema kuwa ni za awamu ya pili.

Sasa kutundika. Watu wengi husawazisha kingo za juu za fremu, na picha ndogo zinaishia kuning'inia karibu na dari. Kinachosawazishwa ni katikati ya picha. Pigeni uzi wa chaki ukutani, sentimita 150 kutoka sakafuni. Kama wageni wenu wengi ni wanafunzi wa shule za msingi, shukeni hadi 140. Katikati ya kila picha ikae juu ya mstari huo. Ili kujua msumari unakaa wapi, chukueni kimo cha picha, mkigawanye kwa mbili, mjumlishe na 150, kisha mtoe umbali kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi mahali waya unapofika ukivutwa juu kwa kidole. Picha yenye kimo cha sentimita 80, waya wake ukifika sentimita 6 chini ya ukingo: 150 + 40 − 6 = 184. Tobolea hapo. Kwa kila picha tumieni pointi mbili za kutundikia, sentimita 20 hadi 30 baina yake, mkizipima kwa pimamaji, na mpime tena sehemu hiyo ya waya kwa kuuvuta kwa vidole viwili, maana waya unaoshikwa sehemu mbili haupandi juu kama ule unaoshikwa sehemu moja. Picha yenye pointi moja huinama upande kila mlango unapobamizwa.

Kwa ukuta wa matofali ya saruji, toboeni kwa drili, mtie plagi ya plastiki ya kushikia skrubu, kisha skrubu yenyewe. Msumari wa zege unaogongwa kwa nyundo hubandua plasta na tundu hupanuka kadiri picha inavyoguswa. Kama ukuta ni wa udongo msiutoboe kabisa. Fungeni ubao wa inchi 2 kwa 1 kwenye boriti za paa, kuuzunguka ukuta, na picha zining'inie kutoka hapo kwa waya uliosokotwa. Msitumie uzi wa nailoni wa wavuvi hata kama umejaa madukani na ni rahisi. Nailoni hurefuka polepole ikibeba uzito, na fundo lake ni telezi. Leo picha imenyooka, wiki ya tatu imeshuka sentimita mbili, wiki ya tano iko sakafuni.

Kuhusu muda, anzeni kuhesabu kutoka siku ya kufungua mkirudi nyuma. Wiki 8 kabla, hati za kuazima ziwe zimetiwa sahihi. Wiki 4 kabla, maandishi yote yawe yameandikwa na kusomwa na mtu asiyewajua wachoraji. Wiki 2 kabla, picha ziwe zimefika. Wiki ya mwisho ni ya kutundika na kurekebisha taa. Mchoraji anayeleta kazi asubuhi ya ufunguzi huleta pia rangi mbichi. Rangi ya mafuta hukauka kwa kuungana na oksijeni ya hewa, ndiyo maana tabaka nene huweza kuwa gumu juu na laini chini kwa miezi. Akriliki hukauka kwa saa chache, lakini kwenye joto la Kisumu hulainika, na ikifungwa kwa karatasi ya nailoni hunata na kung'oka. Upande wa rangi ufunikwe kwa karatasi laini ya kuzuia mafuta, ile ya waokaji, na nailoni ije nje ya hapo.

Picha zetu za rangi za maji zimejikunja ndani ya fremu, na mbili zimeota madoadoa meusi. Tuko mita chache kutoka ziwani. Tumeweka bakuli za mchele chini ya kila moja. — Msimamizi, Kendu Bay

Uondoeni mchele leo. Unavuta unyevu kidogo mno, nao unaita fukusi na panya.

Kuvu huota pale ambapo unyevu wa hewa unakaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa na hewa haitembei. Nyuma ya fremu iliyobanwa ukutani ndiko hewa inakosimama. Nunueni kipimaunyevu kidogo cha betri na mwandike namba yake asubuhi, adhuhuri na jioni kwa wiki mbili. Hapo mtajua chumba chenu kinaumia saa ngapi. Kwa kawaida ni usiku na alfajiri. Basi madirisha yafunguliwe kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 10 jioni siku za jua, na yafungwe mara wingu linapokusanyika. Feni ya kawaida inayozungusha hewa polepole, bila kuzipuliza picha moja kwa moja, inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Kisha gundisheni vipande vya mbao vya unene wa sentimita 1 kwenye kona mbili za chini, nyuma ya kila fremu, ili hewa ipite. Ukuta unaopigwa na mvua ya masika usitundikwe kitu cha karatasi kuanzia Machi hadi Mei. Huo ni ukuta wa vyungu na mawe.

Sababu ya karatasi kujikunja mtaiona mkifungua fremu. Tunakisia imebandikwa selotepu pande zote nne. Karatasi hupanuka ikipata unyevu, na ikizuiwa kupanuka inafura katikati. Ishikwe upande wa juu peke yake, kwa vipande viwili vidogo vya karatasi nyepesi na gundi ya unga wa ngano, iachwe ining'inie. Mbele yake pawe na kadibodi iliyokatwa dirisha ili kioo kisiguse rangi. Kadibodi iwe isiyo na asidi. Ile ya maboksi hugeuza kingo za karatasi kuwa za manjano.

Zile mbili zenye madoa zitengeni na nyingine. Zikaushwe kwanza kwenye chumba chenye upepo, mbali na jua. Doa likishakauka na kuwa unga, lipanguseni nje ya nyumba kwa brashi laini, mkiwa mmevaa barakoa na upepo ukiwa mgongoni. Doa bichi likifutwa hupakaa na kuzama ndani ya karatasi. Dawa ya kung'arisha nguo itaondoa doa pamoja na picha yenyewe.

Vikapu vya kutiwa rangi vilivyokuwa dirishani vimepauka upande mmoja. Vinaweza kurudishiwa rangi? Na taa gani tununue? — Mwalimu, Kakamega

Havirudi, mwalimu. Rangi iliyoliwa na mwanga imekwenda. Mnachoweza ni kuokoa iliyobaki.

Mwanga huumiza kwa nguvu yake ikizidishwa na muda. Nguo, karatasi, picha za kamera, manyoya na vitu vilivyotiwa rangi za mimea vipewe laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika kwenye kitu). Picha za mafuta na akriliki zinavumilia hadi 200. Mawe, chuma na vyungu havidhuriki kwa mwanga. Fanyeni hesabu: laksi 50 kwa saa 8 kwa siku 90 ni 36,000. Kikapu kile kile kikiwa karibu na dirisha kwenye laksi 500 hufikisha jumla hiyo kwa siku 9. Programu ya simu ya kupima mwanga si sahihi sana, ila inatosha kuwaonyesha kona gani ni mbaya.

Wekeni pazia jeupe la kitambaa cha marekani, lenye tabaka mbili, kwenye kila dirisha linaloona jua. Nunueni balbu za LED za mwanga wa joto, zenye maandishi 2700K au 3000K, mzielekeze kutoka pembeni kwa mshazari ili kioo kisimrudishie mgeni sura yake. Laksi 50 huonekana kama giza kwa anayetoka nje juani. Mpeni nafasi ya kuzoea: mlangoni wekeni vyungu na mawe yenye mwanga mwingi, vikapu viwe ndani kabisa. Picha za zamani za familia zionyesheni nakala, za asili zikae sandukuni.

Mzee mmoja amekubali kutuazima nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) ya marehemu babake kwa miezi mitatu. Tumwandikie nini? Na nyuzi tuzifanyeje? — Katibu, Siaya

Mwandikieni hati ya kurasa mbili, katika lugha anayoisoma, na asomewe mbele ya mtu wa nyumba yake. Iwe na tarehe ya kuchukua na ya kurudisha, nani analipia usafiri, kitu kitakaa wapi usiku, na thamani mliyokubaliana ikipotea. Kipengele kinachosahaulika, nacho ndicho huleta ugomvi, ni hiki: nyatiti arudishiwe nani iwapo mzee hatakuwepo? Aandike jina la mtu wa pili yeye mwenyewe. Makavazi yakibaki na kitu cha familia inayogombana, yatavutwa hadi kwa chifu na huenda mahakamani.

Pamoja na hati, andikeni hali ya kitu siku ya kukipokea. Nyatiti ina nyuzi nane. Itajeni kila moja: imekaza, imelegea, imekatika, imefungwa upya. Ngozi ina ufa? Wa sentimita ngapi, upande gani? Mkono wa mbao una matundu ya bungua, wadudu wanaokula mbao? Pigeni picha pande zote, rula ikiwa kando. Siku ya kurudisha mtasoma karatasi hiyo hiyo pamoja.

Nyuzi zilegezwe kidogo tu. Zikikazwa kama za kupigwa, ngozi hukaza zaidi hewa inapokauka na kupasuka. Zikilegezwa kabisa, kidaraja huhama na umbo la ngozi huharibika.

Kabla ya kuiingiza chumbani, ikalisheni juu ya karatasi nyeupe kwa wiki mbili kwenye chumba kingine. Mkiona unga wa mbao umedondoka, bungua wako hai. Vikapu, vigoda na vitu vya mbao tupu huweza kutibiwa kwa kuvifunga kwenye nailoni nzito, hewa ikiwa imebanwa nje, na kuviweka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sufuri kwa wiki mbili. Kisha vitulie saa 24 kabla ya kufunguliwa, la sivyo umande utavilowesha. Nyatiti isitiwe humo, kwa sababu ngozi iliyowambwa na mbao havisinyai kwa kiasi kimoja. Msipulize dawa ya mbu pia. Inaacha doa la mafuta kwenye ngozi, na bungua walio ndani haiwafikii.

Muulizeni mzee pia nani anaruhusiwa kuishika na kama inaweza kupigwa siku ya ufunguzi. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii, na ridhaa ya wenyewe ndiyo msingi wake. Mkitaka kuona jinsi jamii inavyosimamia mali yake, vukeni hadi kisiwa cha Mfangano mkatembelee makavazi ya Abasuba, ambako wenyeji wenyewe ndio walinzi wa michoro ya miambani ya Kwitone na Mawanga. Makavazi ya Kisumu nayo, yaliyofunguliwa 1980, yana Ber-gi-dala, boma zima la Kiluo lililojengwa kwa ukubwa wake halisi. Nendeni mkatazame kila kitu kimewekwa mahali gani ndani ya boma, ndipo muamue nyatiti yenu ielekee wapi.

Tangazo letu la maonyesho lilikuwa zuri, watu wakaja kumi na wawili. Tulikosea wapi? — Kikundi cha vijana, Kisii

Mmetuambia mlifungua Jumamosi saa 4 asubuhi. Kwenu Jumamosi asubuhi Waadventista wako kanisani, na waliobaki wengi wako mazishini. Fungueni Alhamisi alasiri kwa shule na viongozi, kisha Jumapili kuanzia saa 8 mchana kwa familia. Siku ya soko la mji wenu iepukeni kwa ufunguzi, lakini bandikeni matangazo siku hiyo. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makavazi, inayoadhimishwa tangu 1977. Ni nafasi nzuri ya kupata waandishi wa habari, ila iko katikati ya mvua, hivyo pangeni hema.

Tangazo lenu halikutaja siku ya kufunga maonyesho. Anayesoma "yanaanza tarehe 6" na hawezi kuja tarehe 6 hudhani yamempita. Andikeni kuanza, kufunga, saa, kiingilio cha mtu mzima na cha mtoto, na stendi ya kushukia matatu pamoja na dakika za kutembea.

Lebo zenu mlizotutumia zinahitaji kazi zaidi kuliko tangazo. "Chungu cha kale chenye thamani kubwa" haimwambii mgeni atazame nini. Linganisheni na hii:

*Chungu cha maji. Udongo uliochomwa. Kilifinyangwa bila gurudumu, kwa pindi za udongo zilizopandishwa moja juu ya nyingine. Tazama shingoni: alama zile zilibanwa kwa kamba iliyosukwa, udongo ukiwa bado mbichi. Maji hupoa humu kwa sababu kiasi kidogo hupenya hadi nje na kukaushwa na upepo.*

Hayazidi maneno 60, na mtu akishasoma anainama kuiangalia shingo. Herufi ziwe za ukubwa wa 24. Kiswahili, Kiingereza na lugha ya nyumbani zipewe aya zake tofauti. Lebo ikae kulia kwa kitu, sentimita 120 hivi kutoka sakafuni, ili aliye kwenye kiti cha magurudumu pia aisome. Msiipitishe kwenye plastiki ya kung'aa. Taa itaifuta kwa mng'ao.

Tunaleta michongo ya mawe kutoka Tabaka hadi Nakuru. Meza za plastiki zitatosha? — Mwandalizi, Nakuru

Hapana. Lita moja ya jiwe la Kisii, hilo la Tabaka, ina uzito wa karibu kilo 2.7. Mchongo unaojaza sanduku la sentimita 30 kila upande unakaribia kilo 73. Pimeni kabla ya kukodi gari, na muwe na watu wa kutosha kubeba.

Tengenezeni makasha ya plaiwudi ya milimita 18. Mchongo mkubwa ukae kwenye kasha fupi la sentimita 45, pana kuliko mchongo wenyewe. Kasha refu la sentimita 90 liwe na kitako cha 40 kwa 40 na mfuko wa mchanga wa kilo 30 ndani, chini kabisa, kwa sababu mtoto akiliegemea ni uzito wa juu unaoliangusha. Vidogo vya chini ya kilo 2 viwe kabatini nyuma ya kioo.

Michongo ibebwe kwa kushikwa kitakoni. Mkono au shingo ya jiwe hili laini hukatika mara moja. Mafuta ya kupikia ya kung'arishia yanashika vumbi na kuoza. Nta kidogo inatosha, na iliyopakwa rangi isipanguswe kwa maji. Tungependa pia mpate angalau kazi moja kubwa. Wageni wamezoea sahani na viboko wadogo wa dukani, wakati jiwe hili limembeba mchongaji Elkana Ong'esa wa Tabaka hadi makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Mteja alinunua picha kwenye maonyesho yetu, sasa anataka kuichapisha kwenye kalenda ya kampuni yake. Anaruhusiwa? — Mhasibu, Kisumu

Bila idhini ya mchoraji, hapana. Alinunua picha, haki ya kuinakili imebaki kwa mchoraji chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Nyinyi pia mnahitaji idhini hiyo kwa mabango yenu. Iingizeni kwenye hati ya kuazima, kando ya asilimia mtakayokata kwa mauzo, ili mambo yote mawili yatiwe sahihi siku moja.

Tukimaliza, tunashusha kwa utaratibu gani? — Katibu yule yule, Ahero

Siku moja baada ya kufunga, mlango ukiwa na kufuli. Watu wawili kwa kila picha: mmoja anainua, wa pili anatoa waya. Iwekwe juu ya blanketi ikiegemea ukuta, rangi kwa rangi na mgongo kwa mgongo, ili skrubu za nyuma ya moja zisitoboe kanvasi ya nyingine. Someni karatasi ya hali ya kila kazi kabla ya kuifunga, mkitia alama mahali palipobadilika. Plagi ziacheni ukutani, skrubu zitoeni, maana awamu ya pili itatumia mstari ule ule wa 150. Yale matundu yasiyolingana zibeni kwa jasi na kupaka rangi. Fremu yoyote isitoke mlangoni kabla mwenyewe au aliyemwandika hajatia sahihi na tarehe kwenye hati, nanyi mbaki na nakala.